Kunyoosha Muundi Ili Kuokoa Goti Lililosagika: Mwongozo kwa Mgonjwa na Familia Yake

Mtu wa miaka 40 au 50 anayeambiwa kwamba goti lake limesagika mara nyingi huondoka kliniki na ushauri wa aina mbili: ameze dawa za maumivu na apunguze uzito, au asubiri umri usogee ili awekewe goti bandia. Katikati ya hayo mawili ipo tiba nyingine ambayo haimfai kila mtu, lakini yule inayemfaa anaweza kupata miaka mingi ya kutembea kwa goti lake mwenyewe. Ni upasuaji wa kukata na kunyoosha mfupa wa muundi, kitaalamu osteotomia, unaofanyika chini kidogo ya goti ili uzito wa mwili uhame kutoka upande uliosagika na kwenda upande ambao bado ni mzima.

Mwongozo huu umeandikwa kwa mgonjwa wa Dar es Salaam na kwa wale watakaomuuguza nyumbani. Hauchukui nafasi ya daktari bingwa wa mifupa. Unakusudia kumwezesha mgonjwa kuingia kwa daktari akijua la kuuliza, na kurudi nyumbani akijua la kufanya, kwa sababu nusu ya mafanikio ya upasuaji huu hupatikana nje ya hospitali.

Kwa nini goti husagika upande mmoja

Mtu anaposimama, uzito wake hushuka kwa mstari unaotoka katikati ya nyonga hadi katikati ya kifundo cha mguu. Katika mguu ulionyooka mstari huo hupita karibu na katikati ya goti, ukiegemea ndani kidogo, na ndiyo maana hata kwa mtu asiye na tatizo lolote upande wa ndani wa goti hubeba kiasi cha asilimia 60 hadi 70 ya mzigo anapotembea. Kwa mwenye matege mstari huo unahamia ndani zaidi, na wakati mwingine unapita kando kabisa ya goti kwa upande huo wa ndani, kwa hiyo gegedu la upande wa ndani, yaani utando laini unaofunika ncha za mifupa, hubeba karibu mzigo wote. Gegedu likilika, nafasi kati ya mfupa wa paja na muundi inapungua. Nafasi ikipungua, matege yanaongezeka. Na matege yakiongezeka, mzigo wa ndani unaongezeka tena.

Hakuna kidonge kinachokata mzunguko huo. Diklofenaki na ibuprofeni hutuliza maumivu, na zina mahali pake, lakini zikinunuliwa dukani na kumezwa mwezi baada ya mwezi bila usimamizi huumiza tumbo na figo huku matege yakiendelea palepale. Sindano za ndani ya goti nazo hutuliza kwa muda tu. Mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja na kupunguza uzito ni tiba ya kweli na ndiyo ya kuanza nayo, kwa sababu wapo wanaopata nafuu ya kutosha kwa njia hiyo wasihitaji kisu. Anayefanya mazoezi hayo kwa miezi kadhaa, akisimamiwa na mtaalamu wa fiziotherapia, na bado akawa hawezi kusimama kazini au kulala usiku, ndiye anayepaswa kuuliza habari za osteotomia.

Nani anafaa

Daktari mzoefu huanza kwa jambo dogo sana: humwomba mgonjwa aonyeshe panapouma kwa kidole kimoja. Anayeweka kidole kwenye ufa wa goti upande wa ndani, akapagusa palepale kila anapoulizwa, amekwishasema mengi. Anayelishika goti zima kwa kiganja, au anayesugua pia ya goti (kile kifupa cha mbele ya goti) na kusema panauma kila mahali, huenda usagikaji wake umeenea, na kunyoosha muundi hakutamsaidia sana, kwa kuwa mzigo utahamishiwa mahali ambapo nako kumeharibika.

Kwa hiyo mgonjwa anayefaa ni yule mwenye matege, mwenye maumivu ya upande wa ndani, na ambaye gegedu la upande wa nje bado ni zima pamoja na vile vipande laini vyenye umbo la mwezi mchanga ambavyo hukaa kati ya mifupa. Goti lake linapaswa kukunjika vizuri, angalau nyuzi (digrii) 100 na ikiwezekana 120, na kunyooka bila kupungukiwa zaidi ya nyuzi 10 hadi 15. Kano zake ziwe imara. Umri hutazamwa, na wengi wanaofanyiwa huwa chini ya miaka 60 au 65, lakini umri wa kwenye kitambulisho hauna uzito kuliko hali ya mifupa, kazi anayofanya mtu na mwili wake kwa jumla. Unene uliokithiri huongeza hatari ya mfupa kuchelewa kuunga na ya marekebisho kupotea, na uvutaji wa sigara huongeza hatari hiyohiyo kwa kiasi kikubwa. Mvutaji asipoacha wiki kadhaa kabla ya upasuaji na kuendelea kuacha hadi mfupa uunge, ni afadhali asubiri. Nasema hivyo kwa uzito, maana mfupa usiounga humrudisha mgonjwa mezani kwa upasuaji mgumu kuliko ule wa kwanza.

Wapo wasiofaa kabisa. Mwenye baridi yabisi ya aina inayoshambulia gegedu lote, mwenye maambukizi ndani ya goti, na mwenye goti lililoliwa na kifua kikuu cha viungo, ambacho katika nchi yetu si cha kusahaulika pale goti moja linapovimba kwa miezi bila sababu inayoeleweka, hao wana tiba zao nyingine. Mwenye kisukari anaweza kufanyiwa iwapo sukari imedhibitiwa. Mwenye selimundu (sikoseli) aseme mapema sana, hata kama hajaumwa kwa miaka, kwa sababu mkanda wa kubana paja unaotumika kupunguza damu wakati wa upasuaji, upungufu wa maji mwilini na baridi ya chumba cha upasuaji vyote vinaweza kumletea shida, na timu ya ganzi inahitaji kujipanga.

Mwenye magoti yanayogongana ana tatizo la upande wa pili. Yeye husagika nje, na mara nyingi marekebisho yake hufanyika kwenye mfupa wa paja, juu ya goti, wala si kwenye muundi.

Ipo sababu moja inayonifanya niamini kwamba tiba hii inastahili kujulikana zaidi katika jiji letu. Goti bandia ni tiba nzuri, lakini halipendi kuchuchumaa wala kupigiwa magoti, na linachakaa haraka kwa mtu mwenye umri mdogo anayefanya kazi nzito. Mama lishe anayeinama na kuchuchumaa jikoni tangu alfajiri, fundi wa vigae, mbeba mizigo wa Kariakoo, muumini anayesujudu katika swala tano za kila siku, wote wanaishi kwa magoti yanayokunjika. Muundi ukishanyooshwa na mfupa ukaunga, goti linabaki la mwenyewe na kwa kawaida linakunjika kama lilivyokuwa likikunjika kabla, ingawa wengine husikia usumbufu wanapopiga magoti kwa sababu ya bamba la chuma linaloshikilia mfupa, lililo chini ya ngozi.

Picha inayoamua kila kitu

Usikubali kupangiwa upasuaji huu kwa picha ndogo ya goti peke yake. Eksirei ya goti, iliyopigwa mgonjwa akiwa amesimama, huonyesha usagikaji, lakini haionyeshi mstari wa uzito. Inayohitajika ni picha ndefu ya mguu mzima kutoka nyonga hadi kifundo, mgonjwa akiwa amesimama, uzito umegawanyika sawa kwa miguu yote miwili, na pia ya goti ikitazama mbele moja kwa moja. Mguu ukigeuzwa nje kidogo tu, au goti likikunjwa kwa sababu ya maumivu, vipimo vinapotoka, na kosa la karatasini linakuwa kosa la mfupani. Kwa hiyo anapopigwa picha hiyo mgonjwa avumilie, anyooke, asiegemee ukuta wala kuuhurumia mguu unaouma, na mpiga picha akisema arudie, arudie.

Katika picha hiyo daktari huchora mstari wa uzito kama ulivyo, kisha huchora mahali anapotaka upite baada ya upasuaji. Hupima pia kama upindo uko kwenye muundi kweli au kwenye mfupa wa paja. Pembe ya juu ya muundi kwa upande wa ndani kwa kawaida ni nyuzi 85 hadi 90, na ikiwa chini ya hapo ndipo kunyoosha muundi kunaleta maana. Ukigawa upana wa goti kwa asilimia kutoka ukingo wa ndani kwenda nje, mahali palipozoeleka kupitishwa mstari huo tangu kazi ya Fujisawa na wenzake wa Japani ya mwaka 1979 ni karibu na asilimia 62, yaani nje kidogo ya katikati. Siku hizi madaktari wengi hawalazimishi namba hiyo kwa kila mtu, na mgonjwa ambaye gegedu lake halijaharibika sana huwekwa karibu zaidi na katikati. Muulize daktari: "Daktari, mstari wangu unapita wapi sasa, na unataka upite wapi?" Mwenye mpango atakuonyesha kwa kidole kwenye picha. Ikiwa hakuna mpango uliochorwa, una haki ya kuomba uchorwe kabla ya tarehe kuwekwa.

MRI, kipimo cha picha kinachoonyesha hata sehemu laini za goti, husaidia pale panapokuwa na shaka juu ya gegedu la nje au kano, lakini si kila mgonjwa anaihitaji.

Kinachofanyika chumba cha upasuaji

Upasuaji huu si jambo geni duniani. Ulianza kuelezwa miaka ya 1950, na Mark Coventry wa Mayo Clinic nchini Marekani aliueneza kuanzia mwaka 1965 kwa njia ya kuondoa kipande cha mfupa chenye umbo la kabari upande wa nje na kuufunga mfupa. Njia hiyo bado ipo. Kasoro yake ni kwamba hulazimu kushughulikia pia mfupa mwembamba wa pembeni, na karibu na mfupa huo unapita mshipa wa fahamu unaoinua unyayo. Njia inayopendwa zaidi sasa ni ya kufungua upande wa ndani, na iliimarika sana kuanzia miaka ya 2000 yalipopatikana mabamba ambayo vichwa vya skrubu hujifunga ndani ya bamba lenyewe na kushika kwa nguvu.

Mgonjwa hupewa ganzi ya mgongo au nusu kaputi. Daktari hupasua ngozi upande wa ndani chini ya goti, kisha hupitisha nyaya nyembamba za chuma kuonyesha njia ya msumeno, akitazama kwa mashine ya eksirei inayotoa picha papo hapo. Mfupa hukatwa kwa mshazari kwenda upande wa nje, lakini haukatwi wote: huachwa kama sentimita 1 bila kukatwa, na kipande hicho ndicho kinachokuwa bawaba. Hapo ndipo subira ya mpasuaji inapoonekana. Patasi nyembamba huingizwa, kisha ya pili juu ya ile ya kwanza, kisha ya tatu, na kati ya moja na nyingine daktari hungoja, maana mfupa ukipewa muda hukubali kupinda pale kwenye bawaba, na ukiharakishwa hupasuka. Pengo hufunguka milimita kwa milimita. Kwa mfupa wa upana wa wastani, milimita 1 ya pengo hurekebisha takriban uzi 1, lakini kanuni hiyo hupotosha kwa mifupa myembamba au mipana, na ndiyo maana picha ndefu haiachwi. Kabla ya kufunga skrubu, fimbo ndefu iliyonyooka hulazwa kutoka nyonga hadi kifundo na kutazamwa kwa mashine kama inapita mahali palipochorwa.

Pengo dogo, chini ya milimita 10 hivi, kwa kawaida hujijaza lenyewe. Kubwa zaidi mara nyingi hujazwa mfupa unaochukuliwa kwenye nyonga ya mgonjwa mwenyewe, na wengine husema baadaye kwamba kidonda cha nyonga kiliwauma kuliko cha goti. Panapokuwa na upindo mkubwa, daktari anaweza kuchagua vyuma vya nje vinavyozungushwa kidogokidogo kila siku. Kazi yote huchukua kati ya saa moja na mbili, na mgonjwa hulazwa siku chache.

Kujiandaa jijini Dar es Salaam

Anayetumia bima au utaratibu wa kawaida wa rufaa huanzia kituo cha afya, kisha hospitali ya rufaa ya mkoa kama Amana, Temeke au Mwananyamala, na kutoka hapo huandikiwa kwenda Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyopo Upanga. Hospitali binafsi za jijini nazo zina madaktari bingwa wa mifupa. Popote utakapokwenda, uliza kwa heshima na bila woga kama daktari atakayekupasua ameizoea operesheni hii hasa, kwa sababu mpasuaji wa mifupa anaweza kuwa hodari wa ajali na asiwe na mazoea ya kunyoosha muundi.

Kuhusu malipo, jambo linalowakwaza wengi ni bamba na skrubu. Uliza bima kwa maandishi kama kibali kinahusu upasuaji pamoja na vifaa, au upasuaji peke yake, na usingoje siku ya kulazwa ndipo ujue. Uliza pia kama ndugu watahitajika kuchangia damu, ili wajipange.

Nyumba nayo itayarishwe kabla. Choo cha kuchuchumaa hakitumiki kwa wiki za mwanzo, na familia nyingi hutatua jambo hilo kwa kiti cha plastiki imara kilichotobolewa katikati na kuwekwa juu ya tundu. Hakikisheni miguu ya kiti haitelezi na ukutani kuna mahali pa kushika. Kitanda kisiwe cha chini sana. Anayeishi ghorofani bila lifti afikirie kuhamia kwa ndugu aliye chini kwa mwezi mmoja au miwili. Mazulia na mikeka midogo ya njiani iondolewe, na mipira ya chini ya magongo ikaguliwe, kwa kuwa kigae chenye maji na mpira uliolika vimevunja mifupa mingi. Kama unaweza kuchagua tarehe, epuka miezi ya masika kuanzia Machi hadi Mei, hasa ikiwa nyumba yako ipo mtaa wenye tope na maji yanayotuama, kwani utahitaji kurudi kliniki kwa magongo.

Jizoeze magongo kabla ya upasuaji, wakati bado huna maumivu ya kidonda. Kupanda ngazi hutangulia mguu mzima. Kushuka hutangulia magongo na mguu mgonjwa. Uzito ubebwe na viganja, usibebwe na kwapa, maana kwapa likibebeshwa uzito mishipa ya fahamu ya mkono huumia.

Wiki za mwanzo

Siku ya kwanza baada ya upasuaji mgonjwa huanza kuchezesha kifundo cha mguu juu na chini, mara nyingi kila saa anapokuwa macho, ili damu isitulie kwenye shavu la mguu na kuganda. Huanza pia kubana misuli ya paja kwa kulisukuma goti chini kwenye godoro, akihesabu hadi tano na kulegeza. Goti hukunjwa taratibu kuanzia siku hizohizo. Kwa bamba la kisasa plasta kwa kawaida haihitajiki.

Hapa kuna kosa linalofanywa kwa upendo: ndugu huweka mto chini ya goti ili mgonjwa apumzike. Msifanye hivyo. Goti lililolala juu ya mto kwa wiki kadhaa hujifunza kukaa limepinda, na kulinyoosha baadaye ni kazi kubwa. Mto uwekwe chini ya kisigino na shavu la mguu, goti libaki limenyooka, na mguu uwe juu kuliko moyo ili uvimbe upungue. Vilevile msikande kwa maji ya moto wala kusugua shavu la mguu kwa nguvu. Kama damu imeganda humo ndani, kusugua kunaweza kuing'oa ikaenda kwenye mapafu. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 15 hadi 20 kwa mara moja, hufanya kazi nzuri zaidi.

Kisha linakuja suala la kukanyaga. Madaktari hutofautiana, na wengine huruhusu uzito wote mapema kama bamba ni imara na bawaba haikupasuka, lakini agizo lililozoeleka ni kukanyaga kwa kilo 15 hadi 20 tu kwa wiki 6. Mgonjwa anapoambiwa "kanyaga kidogo" hawezi kujua kidogo ni kiasi gani, na njia ya uhakika ni mizani ya kusimamia. Weka mizani sakafuni, na pembeni yake ubao wenye kimo kilekile ili mguu mzima usimame juu ya ubao na nyonga zibaki sawa. Shika magongo, weka mguu uliopasuliwa juu ya mizani na uukandamize taratibu huku msaidizi akisoma namba: 5, 10, 15, 20. Ikifika 20 baki hapo kidogo, uzingatie unyayo unavyosikia, kisha uachie. Rudia bila kutazama, msaidizi akikusahihisha, mpaka unyayo uweze kufika 20 wenyewe. Wengi hushangaa jinsi kilo 20 zinavyofika upesi. Zoezi hili lirudiwe kila siku chache, kwa sababu maumivu yanapopungua mtu hukanyaga zaidi bila kujua.

Kidonda kiwe kikavu. Joto la Dar es Salaam hutoa jasho, kwa hiyo feni au dirisha lililo wazi ni sehemu ya matibabu. Wakati wa kuoga kidonda kifunikwe kwa plastiki, na bandeji iliyolowa ibadilishwe siku hiyohiyo kwa mikono safi. Nyuzi za kushonea kidonda hutolewa kati ya siku 10 na 14. Anayeswali aswali ameketi kitini, kwani mgonjwa ameruhusiwa hivyo. Daladala ziepukwe kabisa katika kipindi hiki, na bodaboda zaidi. Bajaji au gari dogo, mguu ukiwa umenyooshwa kwenye kiti cha nyuma, ndio usafiri wa kliniki. Mabasi ya mwendokasi yana jukwaa lililo sawa na mlango, jambo linalosaidia baadaye, lakini si katika saa za msongamano.

Dalili za kukimbilia hospitali

Saa 48 za mwanzo ndizo za kukesha. Maumivu makali yanayozidi kila saa na kukataa dawa, hasa yakiongezeka mtu mwingine anapokunyooshea vidole vya mguu, pamoja na ganzi au mguu kukaza kama jiwe, huashiria kwamba shinikizo limepanda ndani ya misuli. Mwite muuguzi saa hiyohiyo, na usipoitikiwa ita tena, kwa kuwa misuli inaweza kufa kwa saa chache. Kushindwa kuinua unyayo ni dalili ya mshipa wa fahamu kuguswa. Shavu la mguu kuvimba na kuuma katika wiki zinazofuata linahitaji kupimwa siku hiyohiyo, na kuishiwa pumzi ghafla au kifua kuchoma ni dharura isiyongoja asubuhi. Kwa sababu hiyo sindano au vidonge vya kuzuia damu kuganda, kama vimeandikwa, vitumike hadi mwisho. Homa, usaha, au kidonda kilichokuwa kimekauka kikaanza kutoa maji, ni dalili za maambukizi, na maambukizi yaliyo karibu na chuma hayatibiwi kwa antibiotiki za kununua dukani.

Mengine hujitokeza polepole. Bawaba inaweza kupasuka, mfupa unaweza kuchelewa kuunga, na marekebisho yanaweza kuwa pungufu au kuzidi. Ukiona baada ya miezi 3 bado mfupa wenyewe unauma kila unapokanyaga, usijifariji kwamba ni kawaida.

Baada ya wiki sita na kuendelea

Eksirei ya wiki ya 6 humwonyesha daktari kama mfupa umeanza kujaza pengo, na hapo uzito huongezwa hatua kwa hatua, gongo moja kwanza, la upande wa mguu mzima, kisha bila gongo. Kuunga kikamilifu huchukua miezi 3 hadi 6. Wa kazi ya kukaa huweza kurudi baada ya wiki 6 hadi 8. Dereva arudi anapokuwa ameacha magongo na anaweza kukanyaga breki kwa nguvu bila kusita. Mbeba mizigo, fundi ujenzi na mwendesha bodaboda wahesabu miezi 4 hadi 6, na familia ipange fedha kwa hesabu hiyo, si kwa matumaini. Mazoezi ya paja yaendelee hata baada ya maumivu kwisha, kwa sababu paja hukonda haraka na hurudi polepole.

Mguu utaonekana tofauti. Aliyezoea kuona matege yake kwa miaka 30 anaweza kuhisi kwamba mguu umenyooshwa kupita kiasi, hasa kama mguu wa pili haujafanyiwa, na unaweza kuwa mrefu kwa milimita chache. Hisia hiyo hupungua kwa miezi. Maumivu ya usagikaji hupungua sana kwa wagonjwa wengi, lakini gegedu lililokwisha halioti upya kama zamani, na goti linaendelea kuzeeka. Wengi hupita miaka 10 kabla ya kuhitaji goti bandia, na wengine hawalihitaji kabisa. Wachache hulihitaji mapema zaidi. Anayefanyiwa akitarajia goti la kijana wa miaka 20 atasikitika hata kama upasuaji umekwenda vizuri.

Bamba linaweza kubaki maisha yote kama halisumbui. Likisumbua chini ya ngozi hutolewa, kwa kawaida baada ya mwaka 1 hadi mwaka 1 na nusu, mfupa ukiwa umeunga kabisa. Omba nakala ya ripoti ya upasuaji inayotaja aina ya bamba na skrubu, uihifadhi pamoja na picha ndefu za kabla na baada, mahali ambapo mtu mwingine wa nyumbani anapajua, kwa kuwa atakayelitoa bamba hilo, au atakayeweka goti bandia miaka mingi baadaye, atahitaji kujua bisibisi ipi inaingia kwenye skrubu zile na mfupa ulikatwa kwa pembe gani.